Kiwewe kwa alama 33

Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi, asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998, watu zaidi ya 200 waliuawa na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walikatwa na vioo vya madirisha waliyokuwa wameyakimbilia baada ya kusikia kishindo cha kwanza. Majeraha ya mwili yalihesabiwa hospitalini. Yale ya akili yalihesabiwa kwa karatasi. Kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mlipuko, timu ya daktari bingwa wa magonjwa ya akili Frank Njenga na wenzake iliwapa watu madodoso ya kujieleza, na Wakenya 2,883 wakayajibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004 katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili: asilimia 35 walikuwa na dalili zilizokaribia vigezo vya msongo wa baada ya kiwewe.

Waandishi wa utafiti ule walijihadhari. Hawakusema kwamba theluthi ya watu ni wagonjwa, ila dalili zao zilikaribia vigezo. Walieleza pia nani aliumia zaidi: wanawake, wasio na ndoa, waliofiwa, waliojeruhiwa wasipone, waliokosa rafiki wa kumweleza yaliyowasibu, na walioyumba kifedha tangu siku ile. Hiyo ndiyo sehemu yenye manufaa ya utafiti, kwa sababu inaonyesha msaada uelekezwe wapi. Lakini ripoti ya namna hii ikitoka jaridani na kuingia kwenye maombi ya fedha za wafadhili na hotuba za semina, hubaki asilimia peke yake, na tahadhari huachwa njiani. Dodoso la kujieleza ni chombo kizuri cha kutuambia tukae na nani tumsikilize, na kama mtu anayetibiwa anapata nafuu. Kwa kuhesabu wagonjwa wa mji au taifa ni chombo dhaifu, na hiyo ndiyo kazi tuliyolipa mara nyingi zaidi katika eneo letu la Maziwa Makuu.

Madodoso haya yana umri mdogo. La kwanza kuenea lilitungwa na Mardi Horowitz na wenzake nchini Marekani mwaka 1979, likiwa na maswali 15 tu: karibu nusu yanahusu kumbukumbu zinazovamia, yaliyobaki juhudi za kuzikwepa. Mwaka uliofuata, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliutambua rasmi msongo wa baada ya kiwewe kuwa ugonjwa, huku askari waliorudi kutoka Vietnam wakiwa wamejaa kliniki. Dodoso la Horowitz likaongezwa baadaye hadi maswali 22. Mwaka 1992, Richard Mollica na wenzake walitoa dodoso la Harvard, lililotungwa kwa ajili ya wakimbizi wa Kambodia, Laos na Vietnam. Hilo ndilo lililosafiri sana kwenye kambi za wakimbizi duniani, Afrika ikiwemo.

Linalotawala leo ni PCL-5, kazi ya kituo cha taifa cha Marekani cha msongo huo, kilicho chini ya idara ya maveterani. Lina maswali 20 yanayofuata vigezo vilivyotolewa mwaka 2013 na chama kile cha madaktari wa akili. Anayejibu huulizwa jinsi kila tatizo lilivyomsumbua katika mwezi mmoja uliopita, naye huchagua kuanzia 0, yaani halikumsumbua kabisa, hadi 4, yaani lilimsumbua kupita kiasi. Jumla kubwa kabisa ni 80. Anayefika kwenye 31 hadi 33 huhesabiwa kuwa huenda anao ugonjwa. Linatolewa bure, hujazwa kwa dakika chache, halihitaji daktari. Ukizingatia jinsi madaktari wa akili walivyo wachache kwetu, si ajabu kwamba mashirika yamelipokea kwa mikono miwili.

Maswali yenyewe hayana utata kwa aliyepitia balaa. Je, kumbukumbu za tukio hukujia bila wewe kuziita? Huota ndoto za kutisha? Huepuka mahali au watu wanaokukumbusha? Hujilaumu? Hujihisi umetengana na wenzako? Hukasirika ovyo, hushtuka kwa kelele ndogo, hukosa usingizi? Wapo watu wanaosoma orodha hii na kugundua kwa mara ya kwanza kwamba mambo waliyodhani ni wazimu wao binafsi yanajulikana na yanatibika. Faida hiyo haionekani kwenye takwimu zozote, na ningeiweka mbele kuliko nyingi zinazotajwa.

Shida huanza majibu yanapojumlishwa. Alama 33 zinaweza kutoka kwa mwanamke asiyelala kwa ndoto na asiyethubutu kupita barabara ile tena, na zinaweza kutoka kwa mwanamume aliyejaa hasira na hatia lakini haoti chochote. Watafiti Isaac Galatzer-Levy na Richard Bryant walikokotoa mwaka 2013 kwamba kwa vigezo vipya, dalili zinaweza kupangika kwa namna 636,120 na zote zikaitwa ugonjwa huo huo. Jumla inampa mhudumu mahali pa kuanzia tu. Anayetaka kujua mtu anaugua nini lazima arudi kwenye jibu la kila swali, jambo ambalo ripoti nyingi haziwezi kulifanya kwa sababu zimehifadhi jumla na kutupa mengine.

Kuna pia hesabu nyingine ambayo husahaulika, nayo haihitaji zaidi ya kujumlisha na kugawanya. Tuchukue dodoso zuri kwa kipimo cha kawaida: katika kila wagonjwa 100 linawanasa 80, na katika kila wazima 100 linawaacha salama 80. Lipeleke kwenye mji wa watu 1,000 ambao 100 kati yao ndio wagonjwa kweli. Litanasa wagonjwa 80. Lakini katika wale wazima 900, litawanasa 180 pia. Ripoti itaandika watu 260, asilimia 26, wakati ukweli ni asilimia 10, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotajwa hawana ugonjwa. Sasa lichukue dodoso lile lile ulipeleke kliniki ambako nusu ya watu 1,000 wanaokuja ni wagonjwa: litanasa 400 wa kweli na 100 wa bahati mbaya, na asilimia 50 iliyoandikwa itaangukia sawasawa na ukweli. Karatasi ni ile ile, maswali ni yale yale, kilichobadilika ni mahali. Chekeche linalofaa kwa mchele wa gunia hili linaweza kupitisha mawe ya gunia lile.

Kwa hiyo kizingiti cha 33 si sheria ya maumbile. Kimetokana na tafiti zilizolinganisha dodoso na mahojiano ya kina katika watu fulani, wengi wao askari wa zamani wa Marekani. Anayetaka kuwatafuta watu wote wenye dalili ili awasikilize anaweza kukishusha; anayetaka kuwa na uhakika kabla ya kutumia nafasi chache za matibabu anaweza kukipandisha. Anayekinukuu tu bila kusema anataka nini hajafikiri.

Wakati nao una neno lake. Ugonjwa huu hautajwi mpaka dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja, kwa sababu katika wiki za mwanzo karibu kila aliyenusurika halali vizuri na hushtuka mlango ukibamizwa. Hiyo ni akili inayofanya kazi yake. Dodoso lililogawiwa mapema linanasa majonzi ya kawaida pamoja na yale yatakayoganda. Dodoso la Horowitz lililoongezwa huuliza siku saba tu zilizopita, hivyo linahitaji uangalifu zaidi likitumika mapema.

Tuziweke pamoja namba zilizochapishwa katika ukanda wetu uone zinavyogongana. Nchini Rwanda, utafiti uliofanyika mwaka 2002 kwa watu zaidi ya 2,000 na kuchapishwa miaka miwili baadaye ulipata asilimia 24.8 wenye dalili za kutosha. Rwanda, miaka minane baada ya mauaji ya kimbari, chini ya Nairobi baada ya bomu moja. Kaskazini mwa Uganda, utafiti wa Patrick Vinck, Phuong Pham na wenzao uliochapishwa mwaka 2007 ulisema asilimia 74.3; mwaka mmoja baadaye, utafiti wa Bayard Roberts na wenzake kwa wakimbizi wa ndani wa Gulu na Amuru ukasema asilimia 54. Mashariki ya Kongo, utafiti wa mwaka 2010 ukasema nusu ya watu wazima. Je, watu wa kaskazini mwa Uganda waliumia mara tatu ya Wanyarwanda? Hakuna mtu mwenye akili atakayesema hivyo. Vinck alitumia orodha iliyotangulia PCL-5, Roberts akatumia dodoso la Harvard. Wilaya hazikuwa zile zile, na kati ya tafiti hizo mbili mazungumzo ya amani ya Juba yalikuwa yameanza na bunduki zimepungua. Namba hizi zinapima mateso, ndiyo, lakini zinapima pia karatasi iliyotumika, siku iliyotumika, na mahali kizingiti kilipowekwa.

Ulimwengu mzima una hali hiyo. Mwaka 2009, Zachary Steel na wenzake walikusanya tafiti 181 za watu 81,866 walioguswa na vita na uhamaji. Viwango vilivyoripotiwa vilianzia asilimia 0 vikafika 99. Zilipounganishwa, wastani ukawa asilimia 30.6, na waligundua kwamba tafiti zilizotumia madodoso ya kujieleza, zenye sampuli ndogo au zisizochagua watu kwa bahati nasibu, ndizo zilizotoa viwango vya juu. Muongo mmoja baadaye, makadirio ya Shirika la Afya Duniani kwa nchi zenye vita, yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019, yalisema asilimia 15.3, nusu ya ile ya awali. Waliokwisha kupanga bajeti kwa asilimia 74 wana kazi ya kueleza.

Nairobi yenyewe inatupa upande wa pili. Carol North na wenzake walirudi kwa manusura wa ubalozi kati ya mwezi wa nane na wa kumi baada ya mlipuko, safari hii kwa mahojiano ya kitabibu yenye mpangilio badala ya karatasi ya kujijazia, wakawalinganisha na manusura wa bomu la Oklahoma City la mwaka 1995. Viwango vya magonjwa katika miji hiyo miwili vilikaribiana. Tofauti kubwa ilikuwa jinsi watu walivyojitibu: Wamarekani waliegemea zaidi hospitali, dawa na pombe, watu wa Nairobi waliegemea dini. Hakuna hata swali moja kati ya yale 20 ya PCL-5 linalouliza mtu anategemea nini, na kwa mhudumu anayepanga msaada hilo ni pengo kubwa kuliko kosa la asilimia chache.

Tuje kwenye maswali yenyewe na mazingira yetu. Swali la kuepuka linadhani kwamba mtu anaweza kuepuka. Mama wa Kivu aliyeshambuliwa akiwa shambani atarudi shamba lile lile kesho, kwa sababu watoto watakula nini? Atajibu kwamba haepuki, naye atapata sifuri mahali ambapo maumivu yake ni makubwa zaidi. Swali la kuwa macho kupita kiasi linadhani kwamba hatari imekwisha. Katika kambi inayovamiwa usiku, anayelala fofofo ndiye mwenye tatizo. Orodha ya zamani iliuliza pia kama mtu anaona maisha yake ya mbele yamekatika. Mkimbizi aliyekaa miaka kambini bila kibali cha kazi angejibu ndiyo, na jibu lake lingekuwa tathmini sahihi ya hali yake. Swali hilo liliondolewa kwa sura ile mwaka 2013, na halikuondoka mapema mno.

Kisha kuna jambo ambalo jina la chombo linalificha. Tunasema dodoso la kujieleza, lakini vijijini halijazwi na mhusika. Husomwa kwa sauti na mdadisi, mara nyingi kijana mwenye elimu aliyefunzwa kwa siku chache, naye huandika jibu. Hapo tayari si kujijazia. Ni mahojiano mafupi yasiyo na ruhusa ya kuuliza zaidi. Mzee hawezi kumwambia binti wa umri wa mjukuu wake kwamba hulia usiku. Mwanamke hawezi kujibu swali la kubakwa wakati mama mkwe amekaa uani anachambua maharage. Mwingine anaona gari lenye nembo ya shirika, anahesabu kwamba majina yanaandikwa kwa ajili ya msaada, na alama zake zinapanda. Si uongo wa mtu mbaya, ni busara ya mtu mwenye njaa. Anayedai hifadhi Ulaya ana sababu nzito zaidi ya kuonekana mgonjwa, ilhali askari anayetaka kurudi kazini ana sababu ya kuonekana mzima. Ngazi tano za majibu nazo husumbua. Tofauti kati ya kusumbuliwa kiasi na kusumbuliwa sana ni nyepesi kwa aliyezoea mitihani ya kuchagua jibu. Kwa asiyeizoea, baadhi ya watafiti wameona heri kumwonyesha picha za glasi zenye maji ya viwango mbalimbali aelekeze kidole, na jibu likatulia.

Tafsiri ni suala la kazi zaidi kuliko la kamusi. Dodoso lililotafsiriwa Dar es Salaam kwa Kiswahili sanifu likipelekwa Bukavu linakutana na watu wanaozungumza Kiswahili chao, na tafsiri ya kurudisha kwenye lugha ya asili, ambayo wengi huiona ndiyo uthibitisho, haitalibaini tatizo hilo kwa sababu watafsiri wote wawili walisoma shule moja. Njia bora zaidi aliionyesha mtafiti Paul Bolton nchini Rwanda: kabla ya kutafsiri chochote, aliwauliza watu wa vijijini wataje wenyewe matatizo yaliyoletwa na mauaji ya kimbari, kisha akalinganisha majibu yao na orodha ya kigeni. Alikuta dalili nyingi zinazofanana, na nyingine zisizokuwemo kabisa. Kwa wasemaji wa Kiswahili, karibu kila muuguzi anaweza kukutajia zile zinazokosekana: mawazo mengi, kichwa kuwaka moto, moyo kwenda mbio, mwili kuishiwa nguvu. Anayeacha kuziuliza anapata namba nadhifu na wagonjwa pungufu. Na hata zikiongezwa, dodoso halijathibitishwa mpaka majibu yake yalinganishwe na mahojiano ya kina ya mtaalamu anayeijua lugha hiyo, katika watu hao hao. Timu ya Verena Ertl ilifanya hivyo kaskazini mwa Uganda, ikachapisha matokeo mwaka 2010. Kazi ya namna hiyo ni ghali na haina mvuto kwa wafadhili, ndiyo maana ni chache.

Baada ya lawama zote hizo, kuna kazi ambayo madodoso haya yameifanya vizuri. Mwaka 2013, jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha jaribio la Judith Bass na wenzake katika vijiji 16 vya mashariki ya Kongo. Wanawake walionusurika ukatili wa kingono walipata ama tiba ya vikundi ya kuchakata fikra, iliyorekebishwa kwa wasiojua kusoma, ama msaada wa mtu mmoja mmoja, yote ikiendeshwa na wahudumu Wakongomani wasio madaktari. Walipimwa kwa dodoso la Hopkins la sonona na wasiwasi na lile la Harvard kabla, baada, na miezi sita baadaye. Katika vikundi vya tiba, waliobaki na dalili za kutosha za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9. Katika kundi la msaada wa mtu mmoja mmoja walikuwa asilimia 42, na dalili za kiwewe zilifuata mkondo huo huo. Hapa kasoro ya kuhesabu kupita kiasi haileti madhara makubwa, maana dodoso likizidisha linazidisha pande zote mbili, na tofauti inabaki. Lililobaki la kuogopa ni kwamba aliyehudumiwa vizuri hutaka kumfurahisha aliyemhudumia, lakini pengo la 9 na 42 ni kubwa mno kuelezwa kwa adabu peke yake.

Na kuna chombo kipya ambacho naona kinatufaa zaidi kuliko PCL-5. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeupunguza msongo wa baada ya kiwewe ukabaki na mambo matatu: kuliishi tukio upya kana kwamba linatokea sasa, kulikwepa, na kuhisi hatari ingalipo. Dodoso lake, ITQ, lina maswali sita tu kwa hayo, mengine sita kwa aina nzito ambayo mara nyingi hutokana na mateso ya muda mrefu, kisha linauliza kama dalili zimevuruga mahusiano, kazi na mambo mengine muhimu ya maisha. Swali hilo la mwisho lina uzito. Mtu anayeota ndoto mbaya lakini analima, anauza, analea na anacheka na majirani si sawa na aliyejifungia ndani. Dodoso hili nalo hutolewa bure. Tatizo la hatari isiyokwisha halijalitatua, na hakuna karatasi itakayolitatua.

Kwa mashirika yanayojiandaa kupita nyumba kwa nyumba Goma, Kakuma, Nyarugusu au kwingineko, ombi ni dogo: andikeni katika ripoti ni dodoso gani lilitumika, nani alilisoma, kwa lugha gani, kizingiti kilikuwa kipi na kilithibitishwa wapi, na pale ambapo hakuna mhudumu wa kumpokea aliyepatikana na alama za juu, msimuulize mtu maswali 20 juu ya usiku mbaya kuliko yote maishani mwake kisha mkaondoka. Na kwako msomaji uliyejaza dodoso kama hili kwenye simu ukapata alama 40, hujaambiwa kwamba una ugonjwa, na hujaambiwa kwamba huna. Nenda nalo kituo cha afya, mwombe mhudumu alisome pamoja nawe swali kwa swali, si jumla tu, na umweleze tangu lini, na ni kitu gani huwezi kukifanya sasa ambacho zamani ulikifanya.